Sabuni ya Shemeji

Mashine ya kuoshea vyombo iliingia nyumbani kwetu Mbezi ndani ya kontena, imeviringishwa mablanketi, zawadi ya wifi yangu anayeishi Hamburg. Alikuwa anabadilisha jiko, hii ya zamani akaona haya kuitupa. Mume wangu alifurahi kwa sababu ni ya bure. Mimi nilifurahi kwa sababu katika nyumba ile, dada wa kazi akiwa na likizo, wa kusugua ukoko wa pilau ni mimi. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Moshi kuja kutibiwa macho, aliinama akasoma muda ulioandikwa kwenye kioo chake (macho yale yale mabovu), akauliza: "Masaa matatu na robo? Inaosha vyombo au inachemsha makande?"

Wifi alipokuja likizo ya Desemba ndiye aliyetuunganishia. Kwanza ikagoma kuvuta maji. Kikawaka kialama cha bomba, ikanyamaza. Mashine hizi zinataka maji yanayosukuma, walau nusu ba (ba ni kipimo cha presha), na tangi letu limekaa juu ya kamnara ka mita tatu. Kila mita kumi za kimo zinakupa ba moja hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Tukanunua pampu ndogo ya presha, ile inayonguruma kila mtu akifungua bomba. Tangu siku hiyo mtu akienda chooni saa nane za usiku nyumba nzima ina taarifa.

Halafu wifi akafungua kifuniko chini kabisa ndani ya mashine, akachomeka mrija mpana, akaanza kumimina chumvi. Si kijiko, ni karibu kilo nzima.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "maji ya kisima cha hapa yenyewe ni chumvi. Birika limeota ukurutu mweupe. Na wewe unaongeza?"

Wifi akaeleza, na alieleza vizuri. Kwamba ule ukurutu ni chokaa, kwamba ndani ya mashine kuna vipunje vinavyoinasa kabla maji hayajafika kwenye sahani, na kwamba vipunje vikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi ili vianze upya. Chumvi yenyewe haifiki kwenye chombo. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mimi, si yeye: "Amekaa Ulaya sana huyu."

Wifi akaondoka, akatuachia boksi la vidonge vya sabuni vya mashine. Na kwa kweli mashine ilifanya kazi. Lita kumi hivi za maji, nusu ya ndoo kubwa, na glasi zinatoka ukitazama unajiona. Ningeweza kuishia hapa kama si kipaimara cha mwanangu.

Watu walikuwa wengi, sebule imejaa wazee wa kanisa, uani turubai, jikoni sahani zimepangwa mpaka juu ya friji. Nikafungua kabati nichukue kidonge. Boksi lipo, vidonge hakuna. Hata kimoja. Nikasimama nikilitikisa lile boksi kama kwamba kingedondoka.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaingia kutafuta barafu. Huyu ni fundi wa malori, gereji yake iko Tabata, na hakuna kitu chenye plagi ambacho hajawahi kukitolea maoni.

"Shemeji, sabuni ni sabuni. Mashine zote ni pampu na moto."

"Wifi alisema isiwe sabuni ya kawaida."

"Wifi ni nesi."

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Akachukua ile sabuni ya maji ya kijani inayouzwa mtaani kwenye chupa za maji ya kunywa, ambayo tone moja linatosha beseni zima, akaijaza kile kikasha cha sabuni. Akaangalia, akaona kimejaa, akamwagia kidogo pembeni "ya kusindikiza". Akafunga mlango, akabonyeza programu ya moto zaidi, nyuzi 70, kwa sababu pilau ina mafuta. Akarudi uani akiwa na barafu na heshima.

Kwanza ilikuwa kimya. Kisha mlio ukabadilika. Mashine ambayo huwa inavuma ikaanza kukoroma, kwa maana pampu ilishaacha kuvuta maji, inavuta povu. Pale chini ya mlango pakatoka kamstari keupe. Kakanenepa. Baada ya muda mfupi mlango mzima ulikuwa na ndevu.

Dada wa kazi, aliyekuwa anaosha sufuria kubwa uani kwa beseni mbili, ya kuoshea na ya kusuuzia, alichungulia mlangoni. Hakusema neno. Aliingia, akanyanyua gunia la mchele, akatoka nalo.

Mimi nikaita. Shemeji akaja mbio, na kama fundi yeyote wa injini inayochemka, akafungua boneti. Povu lote lililokuwa limebanwa ndani likamshukia mapajani kwa pamoja, la moto, lina punje za wali. Likaendelea. Likapita chini ya meza, likavuka kizingiti, likaingia sebuleni kwa utulivu mkubwa, likafika miguuni pa mzee wa kanisa ambaye alikuwa katikati ya kumuusia mtoto. Mzee akanyanyua mguu mmoja, akamaliza sentensi, akanyanyua wa pili. Watoto walidhani ni sehemu ya sherehe na wakavua viatu.

Shemeji akazima kitufe. Mashine ikaendelea kunguruma. Akabonyeza tena, inanguruma tu. Chini ya mashine kuna sinia, na ndani ya sinia kuna boya. Maji yakivujia huko boya linapanda, na mashine inaamini nyumba imezama, hivyo inafunga maji ya kuingia na kutoa yaliyomo bila kumsikiliza mtu. Hilo tuliambiwa baadaye. Wakati ule shemeji alisema, "Hii imekataa amri," akang'oa plagi.

Nikampigia wifi kwa video. Hakuuliza kitu, alichoona kilimtosha.

"Mwagieni chumvi! Juu ya povu! Na siki!"

"Chumvi tena?" mama mkwe akasema nyuma yangu. Lakini ndiye aliyekwenda kuileta, akaimwaga kama anayelisha kuku, na povu kweli likaanza kunywea huku linatoa sauti ndogo. Sijapata kumwona ana furaha namna ile.

Lililobaki lilikuwa lile sinia. Wifi akaelekeza kutoka kwenye simu: toeni vyombo, ivuteni nje, ilazeni kwa nyuma kiasi cha nusu njia, maji yatoke chini. Mume wangu na shemeji wakaikumbatia wakailaza. Maji yakatoka yote, yakaingia kwenye viatu vipya vya mume wangu, ambaye hakuweza kuhama kwa sababu angeiachia. Chujio tulilolitoa lilikuwa na ukoko, mfupa wa kuku na vijiti vya meno. Mapanga yanayorusha maji yalikuwa yamezibwa na mbegu za ndimu, kila tundu na mbegu yake. Dada wa kazi akazitoa kwa sindano. Kisha tukaisuuza kwa maji matupu, povu likitoka, tukaisuuza tena, mpaka likaisha. Vyombo vyote vya kipaimara dada wa kazi alikuwa ameshavimaliza kwa mkono.

"Sasa," wifi akasema kwenye simu, "vidonge vyangu viko wapi?"

Kimya. Mama mkwe akakumbuka kwamba wazee hawajapewa chai.

"Bibi anaoshea raba zetu," mwanangu wa mwisho akasema.

Wote tukatazama mlangoni, zilipovuliwa. Raba za shule zilikuwa nyeupe pee. Miezi mingi nilidhani ni bidii ya watoto. Vidonge vile vina dawa ya kung'arisha, na ni vikali, ndiyo maana mama mkwe alikuwa analalamika vidole vinamwasha na daktari wa macho hakuwa na la kumwambia.

Wifi alituma boksi jingine. Mama mkwe alikuwa amesharudi Moshi, nami nikalifungia chumbani. Jumapili akapiga simu. Akauliza watoto, akauliza kuku, akazunguka weee, mwisho akafika. Wakina mama wa jumuiya wameona kanzu ya mzee ilivyotakata, wanataka na wao.

"Mwambie wifi yako alete katoni nzima. Watalipa."

"Na mashine, mama? Anasema akipata nyingine atakuletea."

"Mashine abaki nayo."