Mesa ni ya nani?

Mwaka 2015 msomaji wa habari wa televisheni mjini Phoenix, Arizona, aligeuka kuwa habari yeye mwenyewe. Vanessa Ruiz alikuwa mgeni kituoni, na alipofika kwenye majina ya Kihispania, lake likiwemo, aliitamka r kwa kimadende kama Wahispania. Mji jirani wa Mesa aliuita kwa e ya wazi, karibu kabisa na "meza" yetu tuliyoipata kwa Wareno. Wengi pale husema "Meisa". Watazamaji wakalalamika. Ruiz akawajibu hewani kwamba amekulia katika lugha zote mbili, naye hupenda kutamka majina hayo yalivyokusudiwa kutamkwa.

Kuwabeza waliolalamika ni rahisi, hasa ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya Arizona ilikuwa ya Mexico hadi 1848. Ila wana hoja. Neno likihamia lugha nyingine hufuata desturi za nyumba mpya. Sisi tumechukua Schule ya Wajerumani tukaifanya shule, na hatumwombi mtu radhi. Wahispania nao huiita London "Londres". Kule Los Angeles kuna San Pedro, ambayo wenyeji huiita "San Piidro". Amarillo ya Texas husomwa kwa l ya kawaida, ingawa Mhispania hasomi ll hivyo. Mgeni anayeshuka hapo na kuwasahihisha wenyeji jina la mji wao, mimi namhesabu yeye ndiye aliyekosea.

Tena usahihi wa kujionyesha una aibu yake. Wapo Wamarekani wanaosema "habanyero" wakitaja ile pilipili kali, wakidhani ndiyo Kihispania safi. Wahispania wenyewe husema habanero, kwa n tupu, kwani jina limetoka Habana, mji mkuu wa Kuba.

Kwa jina la mtu siwezi kuwa mlegevu hivyo. Mwaka 2009 Obama alipomteua Sonia Sotomayor kuingia Mahakama ya Juu, mwandishi wa kihafidhina Mark Krikorian alilalamika kwamba kuweka mkazo kwenye silabi ya mwisho ya jina hilo si kawaida ya Kiingereza, na kwamba wageni nao wana wajibu wa kujirekebisha. (Huyu "mgeni" alizaliwa Bronx, New York.) Hoja yenyewe haisimami. Waingereza husema guitar na police kila siku, mkazo ukiwa mwishoni, na hakuna ulimi uliovunjika. Sisi ambao mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ndio tungekuwa na kisingizio cha kusema "SotoMAyor", na hata sisi tukielekezwa mara moja tunaweza.

Natenganisha hapo kushindwa na kukataa. Kwetu mtu akimwita Rehema "Lehema" kwa sababu ya lugha ya mama, Rehema ataitika bila kinyongo. Angeambiwa kwamba jina lake linasumbua, achague jingine, hapo ni ugomvi.

Kwa hiyo Ruiz na r yake nampa haki yote. Mesa ndiyo inayonipa tabu. Nimesema mji ni wa wenyeji, lakini wenyeji wa Mesa si wa lugha moja: wapo wanaosema "Meisa", na wapo wanaolitamka jina hilo kama Ruiz wakiwa mezani kwao. Kinachoitwa matamshi ya kawaida mara nyingi ni ya wale wenye sauti kubwa kwa wakati huo. Waingereza wa enzi za ukoloni waliita nchi ya jirani zetu "Kiinya", na hayo ndiyo yalikuwa matamshi ya kawaida redioni. Baada ya uhuru wa 1963 ikawa Kenya, na "Kiinya" ikabaki kuwa dalili ya umri wa msemaji.