Kamanda Sinclair hakutimuliwa

Kuna ushauri mmoja unanikera kila nikikutana nao, na wiki hii nimeusikia tena. Mtu anauliza kistaarabu tu, jamani nataka kuanza kuangalia Babylon 5, ile siriz ya Marekani ya miaka ya 90 ya kituo cha angani, nianzie wapi, hajakaa sawa washamjibu: msimu wa kwanza ruka, yule kamanda wa mwanzo, Sinclair, kauzu, anaigiza kama gogo, ndo maana walimtimua wakamleta kamanda mwingine, Sheridan. Na huyo mgeni wa watu anaamini, anaruka, halafu na yeye kesho anampa mwenzake maneno hayohayo.

Hakutimuliwa. Na tangu 2013 hakuna mwenye kisingizio cha kusema alitimuliwa, maana J. Michael Straczynski, mtu aliyeiunda siriz yenyewe, alisimama mbele ya mashabiki kwenye Phoenix Comicon akaeleza kila kitu. Michael O'Hare, aliyemuigiza Sinclair, alikuwa anaumwa. Ni akili iliyokuwa inaumwa, anaamini anaandamwa, anaona visivyokuwepo, na akiwa kwenye hali hiyo ndo akawa steringi wa siriz nzima, yuko karibu kila episodi, asubuhi anavaa yunifomu ya kamanda anaingia kazini.

Na huyu hakuokotwa njiani. Mzaliwa wa Chicago, 1952, kasoma fasihi ya Kiingereza Harvard, kapita chuo cha sanaa cha Juilliard, kanolewa na Sanford Meisner ambaye wanaofuatilia uigizaji Marekani wanajua uzito wa jina hilo. Alikuwa mtu wa jukwaa huyu, New York, miaka mingi kabla hatujamjua kwenye TV. Kuna tamthilia inaitwa Shades of Brown, inahusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliigiza humo na akapendekezwa kwenye tuzo za Audelco, ambazo ni tuzo za maigizo ya watu weusi wa New York, na yeye ni mzungu. Watu wale wanajua kuigiza ni nini. Wasingempendekeza gogo.

Ukishajua katokea jukwaani hata kile wanachokiita ukavu unakiona vingine. Ile sauti nzito, yale mapumziko kabla hajajibu, ule mwili uliotulia, ni mtu aliyezoea ukumbi ambao wa kiti cha mwisho lazima akusikie. Haya, sawa, zipo sini za mwanzo mwanzo amekakamaa, nakubali. Lakini mwanzo ule nani hakukakamaa? Mazungumzo yenyewe yaliandikwa kama hotuba, kila mtu anahutubia, na hao wengine mnawasamehe kwa sababu mliendelea kuwaona misimu mitano wakaiva mbele ya macho yenu. Yeye alipata mmoja.

Sasa ilikuwaje. Wakiwa katikati ya kurekodi msimu wa kwanza hali ikazidi kuwa mbaya, kufanya kazi ikawa shida. Straczynski akamwambia tusimamishe kila kitu miezi kadhaa ukatibiwe. O'Hare akakataa. Siriz ilikuwa changa, hela yenyewe ya kubana, ikisimama miezi yote hiyo inaweza kufa moja kwa moja na watu wote wa pale wakakosa kazi. Wakakubaliana amalize msimu, aondoke, na sababu isitajwe. Straczynski akamuahidi hiyo siri ataenda nayo kaburini. O'Hare akamwambia aitunze mpaka kaburi lake yeye, O'Hare, akishakufa watu waambiwe, kwanza mashabiki wana haki ya kujua, pili huenda ikawasaidia wengine wenye maradhi kama yake.

Nisomapo hapo huwa nasimama kwanza. Mtu akili inamgeuka, hana uhakika anachokiona kipo au hakipo, na bado anapiga hesabu za ajira ya fundi taa, za anayepaka watu meki-apu, za waigizaji wenzake ambao wengine ndo kwanza wamepata kazi ya kueleweka.

Kwa hiyo msimu ukaisha, likatolewa tangazo kwamba wameachana kwa amani na hadithi ilihitaji hivyo. Na hapa ndo hasira yangu yote ilipo. Sisi mashabiki tulipopewa tangazo fupi tukaona kuna pengo, na pengo tukalijaza kwa kinachotujia kwanza mdomoni: hajui kuigiza, wakubwa hawakumtaka, alikuwa hasalimiani na wenzake, alilewa sifa. Miaka karibu 20 mtu anaishi na maneno hayo. Angeweza kuyazima kwa sentensi moja tu, nilikuwa mgonjwa. Hakuisema, na mi naona sababu iko wazi kabisa: kwenye kazi ile, kuitwa muigizaji mbovu kulikuwa nafuu kuliko kujulikana una ugonjwa wa akili. Muigizaji mbovu kesho anaitwa tena kwenye majaribio, mwingine anamuona anafaa. Akishajulikana akili iliwahi kumgeuka akiwa kazini nani anampigia simu? Bima inagoma, prodyuza anaogopa, na kila atakapokasirika hata kwa haki watasema si unaona, imeanza tena. Yaani kati ya kashfa mbili akabeba ile ya uongo kwa kuwa ile ya kweli ingemmaliza, na sisi tukamuongezea mzigo huku tunajiita mashabiki.

Na hili haliko kwa mastaa peke yao. Namjua mtu aliyepitia kitu cha aina hiyo kazini, alikuwa anakwepa kukaa na wenzake kwa sababu kelele za watu wengi zilikuwa zinamzidi, wao wakaamua anaringa. Akaacha waamini anaringa. Aliniambia ilikuwa rahisi zaidi. Tangu siku ile mtu akiniambia fulani ana dharau, fulani siku hizi kabadilika, huwa siitikii haraka.

Rudini mkaangalie msimu wa kwanza mkiwa mnajua. Angalieni By Any Means Necessary, ile ya wapakuaji mizigo wamegoma, kifaa kibovu kimeua mwenzao, serikali inataka mgomo uzimwe kwa nguvu na Sinclair anapewa mamlaka ya kutumia njia yoyote ile. Anaitumia kweli, anachota fungu kwenye bajeti ya jeshi anawapa wafanyakazi walichokuwa wanadai, anawasamehe na mgomo wenyewe. Ni hadithi ya kutunga, naelewa, aliandikiwa. Lakini mwanamme anayeiigiza, kwenye msimu huohuo, anaibeba mishahara ya wenzake kweli, bila kamera kumuona.

Halafu And the Sky Full of Stars. Hiyo sasa ndo siwezi kuipita kwa juu juu. Sinclair anatekwa, anafungwa kwenye mtambo unaoingia akilini mwake, anaamka kituo kizima kitupu, anaita hakuna anayeitika, wanatokea watu wanamhoji na kumshutumu, na yeye hana namna ya kujua lipi la kweli lipi limepandikizwa. Wengi wanaotaja ukavu wake wameiona hiyo episodi na ikawapita. Mi sitaki kumtibu mtu kupitia skrini, wala sisemi ugonjwa ulimsaidia kuigiza, hilo ni neno baya na lisirudiwe, uigizaji ule ni kazi yake, ni miaka yake ya mazoezi. Ninachosema ni kwamba ile hofu iliyotulia usoni, mtu anajikaza kufikiri huku kila kitu kinamteleza, haiigizwi na gogo. Tazama macho yake anapogundua yuko peke yake.

Akatibiwa, na Straczynski alisema tiba ilifanya kazi kiasi, haikumaliza. Bado akarudi. Mara ya kwanza 1995, kipande kifupi tu kwenye The Coming of Shadows, episodi ambayo mwaka uliofuata ilichukua Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi. Kisha 1996 akaja kwa sehemu mbili za War Without End, Sinclair anaichukua Babylon 4, kituo kilichotangulia Babylon 5, anarudi nayo nyuma ya wakati na kuwa Valen, yule Valen ambaye Waminbari, wale viumbe wa sayari nyingine, wamekuwa wakimtaja kwa heshima tangu mwanzo. Fundo kubwa kuliko yote ya hadithi likafungwa na muigizaji mliyeambiwa mumruke. Ukiruka msimu wake, ile sini haikupi kitu, unaona tu mzee mmoja anaaga watu. Ukimjua, unajua anaacha nini.

Simshushi Bruce Boxleitner, aliyemuigiza Sheridan. Sheridan ni mzuri, ana uchangamfu ambao hadithi ya vita ilihitaji, na hakuna mahali imeandikwa kwamba ukimpenda mmoja lazima umtukane mwingine.

Kuna na wale wanaosimulia habari hii kama ushujaa mtupu, alijitoa kwa ajili ya wenzake, basi machozi na makofi. Alijitoa, ndio, na moyo ule namheshimu nao. Ila mgonjwa kuwekwa achague kati ya matibabu yake na mkate wa watu wengine ni jambo la kukasirikia, na siriz zinazotengenezwa leo bado zinakaa juu ya bega la mtu mmoja vilevile, akianguka zinaanguka. Makofi hayabadilishi hilo.

O'Hare alipata mshtuko wa moyo New York, akafariki siku chache baadaye, tarehe 28 Septemba 2012, ana miaka 60. Straczynski alitimiza ahadi, alinyamaza wakati wote mwenzake yu hai, hata pale ambapo kunyamaza kulimfanya yeye mwenyewe aonekane bosi aliyemtosa steringi wake. Na mnaosema hakupaswa kuyatoa hadharani, kwamba maradhi ya marehemu yalipaswa kuzikwa naye, mngekuwa na hoja kama asingeruhusiwa. Aliruhusiwa, na mwenye maradhi yake, akiwa na akili timamu ya kujua anachoomba. Alitaka tujue. Kwa hiyo unayemshauri mgeni, mwambie aanze episodi ya kwanza, na akikuuliza yule kamanda alienda wapi, mpe jibu alilolitaka mwenyewe O'Hare.