Mbao za Mtaro Ziwekwe Kwenye Kotesheni

Muulize mkandarasi yeyote mdogo hapa Nairobi bei ya kuchimba mtaro wa bomba la maji taka, atakutajia kwa mita kabla hujamaliza swali. Muulize bei ya kuzuia kuta za mtaro huo zisiporomoke, atanyamaza kidogo, kisha akuambie udongo wa hapa ni mgumu, usijali.

Mimi ni fundi wa bomba. Wachimbaji wakimaliza, mimi ndiye ninayeshuka. Napiga magoti chini kule, naunganisha bomba la inchi sita, napima mteremko, na muda wote huo mgongo wangu umeelekea ukuta. Kwa hiyo ninayoandika hapa yana maslahi yangu binafsi, sikatai. Ninachosema ni hiki: watu hawafukiwi mitaroni kwa kukosa helmeti. Wanafukiwa kwa sababu kazi ilipopigiwa hesabu, mbao za kushika kuta hazikuwemo, na hela ambayo haikuwa kwenye kotesheni, ile karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi, haitapatikana watu wakishaingia shimoni.

Helmeti na vizibao vya kung'aa huonekana kutoka getini, ndiyo maana hununuliwa. Mkaguzi akipita ataviona, mwenye ploti akija na wageni wake ataviona, picha itapigwa. Sizidharau helmeti, jiwe likiteleza kutoka juu utaishukuru. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu, na ukilowa unazidi hapo. Gari la Probox bila mzigo halifiki uzito huo. Na ukuta wa mtaro ukiamua kushuka, hautashusha mita moja ukaishia hapo.

Wengi hudhani mtu hufa kwa kuwa kichwa kimefunikwa. Si lazima. Udongo ukimfika kifuani tu, kila anapotoa pumzi mbavu zinashuka na udongo unajaza nafasi ile. Pumzi inayofuata haina pa kuingia. Ni suala la dakika chache, na wenzake wanaweza kuwa wamemshika mkono, anawajibu, na bado wakampoteza.

Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu, na kila mmoja una hila zake. Upande wa South C, Embakasi na kuelekea Syokimau kuna ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Huu mafundi huuogopa, angalau. Ule ninaouogopa mimi zaidi ni mwekundu, wa Kileleshwa, Kitisuru na kwenda Kiambu. Ukiukata wima unasimama. Unasimama leo, unasimama kesho, unaonekana kama umepigwa plasta, mpaka mvua ya Aprili inyeshe usiku kucha na asubuhi kipande kizima kiachie bila kutoa hata onyo.

Hapo ndipo utakapomsikia mzee mmoja wa mjengo akisema amechimba vyoo vya futi thelathini huko nyumbani bila ubao hata mmoja, na yuko hai. Ninamwamini. Lakini shimo la choo analozungumzia ni la mviringo na jembamba. Udongo unapolisukuma kutoka kila upande, unajibana wenyewe kwa wenyewe kulizunguka. Mtaro ni ukuta mrefu ulionyooka, na katikati ya ukuta huo hakuna kitu kinachosaidia kubana. Uzoefu wa choo haukufundishi mtaro, na ni vigumu sana kumweleza hivyo mtu aliyekuzidi miaka ishirini kazini. (Hata hivyo vyoo navyo huua, tena mara nyingine kwa hewa mbaya, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Kisha kuna kando za barabara zetu. Pale ambapo bomba la maji lilipita, kisha nyaya za umeme, kisha intaneti, udongo umeshafukuliwa na kurudishwa mara kadhaa. Huo si udongo wa asili tena, ni kifusi kilichoshindiliwa kwa miguu. Ukichimba mtaro mpya sambamba na ule wa zamani, ukuta mmoja wa shimo lako unakuwa mwembamba kuliko unavyodhani. Ongeza matatu na malori ya mchanga yanayotikisa ardhi hatua chache kutoka hapo.

Ukitaka kujua ukuta umechoka, usiutazame kutoka chini. Simama juu, utazame ardhi nyuma ya ukingo. Utaona ufa mwembamba unaokwenda sambamba na mtaro, pengine umefunikwa na udongo uliorundikwa, kwa hiyo wengi hawauoni. Ufa huo unamaanisha kipande kilicho mbele yake kimeshaachana na ardhi, kinasubiri sababu tu. Chini, dalili ni vichembe vinavyoporomoka bila mtu kugusa kitu, maji yanayovuja pale palipokuwa pakavu jana, au ukuta uliotoa tumbo. Nimewahi kumsikia kijana akimwambia foremani, "Mkubwa, huu ukuta umeanza kumwaga." Akajibiwa, "Malizia hiyo kidogo, mvua inakuja." Mvua inayokuja ilikuwa ndiyo sababu ya kumtoa, ikageuzwa kuwa sababu ya kumharakisha. Siku hiyo ukuta ulishika. Foremani akaondoka akiamini alikuwa sahihi.

Simlaumu sana yule foremani. Wachimbaji hupimiwa: kutoka hapa hadi kwenye kile kigingi, hela ni hizi. Anayelipwa kwa mita hatasimama nusu saa kupigilia mbao ambazo hakuna anayemlipia. Utamlazimisha vipi? Unamwambia apunguze mshahara wake kwa ajili ya kujikinga, na nyumbani kuna watu wanaosubiri unga. Malipo ya kupimiwa yanafaa mtaro wa kufika magotini. Ukipita kifua, mlipe mtu kwa siku, na kazi ya kuweka mbao iwe na bei yake kando.

Namba ninazozitumia mimi ni za kanuni za usalama kazini za Marekani, kwa sababu fundi anaweza kuzipima kwa tepu. Mtaro ukifika futi 5, kuta lazima zikingwe, isipokuwa kama ni mwamba mgumu. Udongo uliochimbwa ukae futi 2 au zaidi kutoka ukingoni. Kuanzia kina cha futi 4, ngazi iwepo mahali ambapo hakuna mfanyakazi atakayetembea zaidi ya futi 25 kuifikia. Na mtu anayeielewa kazi akague mtaro kila siku kabla watu hawajashuka, na tena baada ya mvua. Hiyo ya udongo kukaa mbali haigharimu hata shilingi, lakini pita mtaa wowote uone udongo umerundikwa wapi: juu kabisa ya ukingo, kwa sababu ndipo sepetu inapofika kwa urahisi.

Kuna wanaosema mbao hazihitajiki, laza tu kuta, yaani zikate kwa mteremko badala ya wima. Sawa, tupige hesabu. Kwa udongo dhaifu, kanuni hizo hizo zinataka kila futi 1 ya kina ulaze futi 1 na nusu kwa kila upande. Mtaro wa futi 6 unahitaji futi 9 huku, futi 9 kule, na upana wa chini wa futi 2. Jumla futi 20. Nionyeshe kichochoro cha mtaa wa Pipeline au Umoja chenye futi 20 za kuchezea. Katika ploti ya futi arobaini kwa themanini, umeshakula nusu ya upana na unagonga ukuta wa jirani, ambao nao una uzito wake. Huku kwetu, penye majumba yaliyobanana, mbao ndizo njia.

Na kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi mbao zenyewe zipo pale pale. Nenda mjengo wowote wa ghorofa, utakuta zimepangwa kando ya stoo pamoja na nguzo za mkaratusi, zinasubiri kazi ya slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, miezi miwili ijayo. Zingeweza kushika mtaro wiki hii, zikatolewa, zikafanya slabu. Ukiuliza, unaambiwa hizo ni za slabu. Zimeandikwa kwenye kotesheni chini ya slabu, basi. Ndiyo maana nasema jambo hili linaanzia kwenye karatasi. Mbao ikiwa na mstari wake, mtu atauliza iko wapi.

Sheria ya Kenya haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwenye eneo la kazi asimlazimishe kurudi pale mpaka hatari hiyo irekebishwe. Imeandikwa vizuri. Lakini kibarua wa siku huchaguliwa getini asubuhi. Akikataa kushuka leo, hakuna atakayemfukuza. Kesho kidole hakitamwelekea tu. Haki hiyo inamfaa mwenye ajira ya kudumu. Kwa kibarua, anayepaswa kusema "hapana" ni yule mwenye mfuko: mwenye ploti, mkandarasi, mhandisi aliyetia sahihi.

Fidia nayo ipo. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi waliojeruhiwa, ya mwaka huo huo wa 2007, inawapa wategemezi wa aliyekufa kazini mishahara ya miezi 96. Sasa mjane wa kibarua atathibitisha mshahara gani, kama jina la mumewe halikuandikwa popote na malipo yalikuwa noti mkononi kila jioni? Angalau daftari la majina kila asubuhi. Linasaidia pia ukuta ukiporomoka, mjue mko wangapi na ni nani hayupo.

Na ukiporomoka, tafadhali msiruke ndani. Ukuta wa kwanza ukishuka, wa pili umebaki bila msaada, na waokoaji ndio hufuata. Zimeni injini zote za karibu, watu wote wakae mbali na ukingo, pigeni 999 au 112. Tingatinga lisichimbe pale alipo mtu, na msimvute kwa kamba. Mwili hauwezi kuushinda uzito ule. Zikingeni kwanza kuta zilizobaki, kisha fukueni kwa mikono na sepetu fupi.

Kotesheni zangu siku hizi zina mstari wa kukinga mtaro, wenye bei yake. Wateja wengine huukata kwa kalamu na kunirudishia karatasi. Wengine hunipigia simu, "Fundi, hii ni nini tena?" Nikishaeleza, baadhi hulipa. Wanaokataa hutafuta fundi mwingine, na wanampata siku hiyo hiyo, kwa bei ya chini. Peke yangu siwezi kushinda soko. Ndiyo maana ningependa serikali ya kaunti na mamlaka za barabara ziingilie hapa. Ukitaka kukata lami kupitisha bomba, lazima upate kibali na ulipie lami irudishwe. Fomu ipo, ofisa yupo, malipo yanapokelewa. Waongeze swali moja kwenye fomu hiyo: mtaro una kina gani, na kuta zitashikwa na nini? Asiye na jibu asipewe kibali, na mafundi wote tutaanza kupiga hesabu tukiwa na mbao ndani.