Sijda ya kusahau, na wanaosema "Mungu yumo moyoni"

Nakutana na Waislamu wenzangu wengi, hasa vijana, wanaoniambia kuwa swala tano ni mambo ya nje tu. Muhimu ni moyo uwe safi na umkumbuke Mungu ndani kwa ndani. Nia zao sizitilii shaka. Ninaoutilia shaka ni moyo, na wangu ndio wa kwanza. Una kodi ya nyumba, una ada za watoto, una simu isiyonyamaza. Ukiachiwa ujichagulie saa ya kumkumbuka Mola wake, saa hiyo haifiki.

Katika Surat Taha, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anamwamrisha Nabii Musa asimamishe swala, na papo hapo anampa sababu: apate kumkumbuka. Na nyakati za swala zetu zikafungwa na mwendo wa jua, hazikungoja tupate nafasi. Jua likipinduka, Adhuhuri imeingia, duka liwe na wateja au lisiwe nao.

Linalonigusa zaidi ni kwamba sheria ilijua binadamu atasahau hata akiwa juu ya mswala. Sisi Mashafii wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, tumefundishwa tangu chuo cha Kurani: ukiacha atahiyatu ya kwanza, ile inayosomwa umekaa katikati ya swala, au kunuti, dua ya Alfajiri, unaleta sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu ya kumaliza swala. Ukishuku kama umeswali rakaa tatu au nne, shika tatu, ongeza moja, kisha usujudu. Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Sahaba mmoja, Dhul-Yadain, akamuuliza: swala imepunguzwa, au umesahau? Mtume akawauliza waliokuwepo, wakathibitisha, naye akakamilisha zilizobaki akasujudu. Katika Hadithi nyingine alisema wazi kwamba yeye ni mtu, husahau kama wanavyosahau wao, basi akisahau wamkumbushe.

Sasa huyu wa leo, uhakika kwamba moyo wake peke yake unamtosha ameupata wapi?

Najua wapo ambao midomo inasoma Fatiha na akili iko sokoni. Surat Al-Maun imewaonya vikali wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wakijionyesha kwa watu na kuwanyima wenzao hata msaada mdogo. Onyo hilo ni la haki, nami naliogopa. Ila sioni popote lilipotuambia tuache kuswali.

Ndiyo maana naipenda sana swala ya jamaa, ya kuswali pamoja nyuma ya imamu. Imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake husema "Subhanallah", mwanamke hupiga kofi, na imamu hurudi kwenye rakaa yake. Anayemkumbuka Mungu peke yake chumbani hana wa kumwambia neno hilo. Wanangu, njooni Magharibi tuswali pamoja. Siku nitakayotangulizwa mbele nikasahau, nitawategemea nyinyi mniambie.