Kununua mara moja au kulipia kila mwezi: programu za kuhariri video kwenye kishikwambi

Ubishi kuhusu programu bora ya kuhariri video kwenye kishikwambi huishia kwenye vikorombwezo: ipi ina efekti nyingi, ipi ina fonti za kuvutia, ipi inafuta mandhari ya nyuma kwa mguso mmoja. Kwa anayehariri ili alipwe, naona suala zito zaidi ni jinsi programu yenyewe inavyolipiwa. Mteja wa harusi anaweza kurudi baada ya miezi minane akitaka shangazi fulani aondolewe kwenye video, kwa sababu za kifamilia asizozieleza. Siku hiyo ndipo utajua kama mradi bado ni wako, yaani kama programu bado inakuruhusu kuufungua.

Wanaotetea malipo ya kila mwezi wana hoja, na wanaowabeza huwa hawapigi hesabu. Apple walipoileta Final Cut Pro, programu yao ya kuhariri video, kwenye iPad Mei 2023, waliweka bei ya dola 4.99 kwa mwezi au dola 49 kwa mwaka, ilhali ile ya kompyuta za Mac ilikuwa inanunuliwa mara moja kwa dola 299.99. Wengi waliguna. Ila mchukue mpiga video wa Tanzania ambaye Disemba hapati usingizi kwa kazi, halafu Kwaresima na Ramadhani zikiingia simu inanyamaza. Huyo analipia miezi ya msimu, anasitisha, kisha anarudi kazi zikirudi. Kwa bei hiyo ya 2023, akihesabu mwaka mzima, huenda asingefikisha hata dola 25.

Tatizo ni kwamba malipo hayo yanataka kadi yenye salio siku ileile ya kukatwa. Kenya, M-Pesa GlobalPay iliyoanzishwa 2022 kwa ushirikiano na Visa imewarahisishia wasio na kadi ya benki, lakini salio likipungua usiku wa makato hakuna wa kumbembeleza. CapCut, programu yenye toleo la bure na la kulipia (Pro), nayo ina mtego wake: unajaribu efekti ya Pro, inapendeza, unamaliza kazi nzima, na unapotaka kuitoa video ndipo unaambiwa ulipie kwanza au uiondoe.

Kwa wanaopendelea kununua kuna LumaFusion, iliyotoka 2016. Bei yake ni takriban dola 30, mara moja tu, sawa na miezi sita ya ile bei ya Final Cut ya 2023. Ina leya (matabaka) sita za video, na mradi mzima unaweza kuufunga pamoja na klipu zake ukauweka kwenye diski. Hata hivyo, “mara moja” hiyo imeanza kuchakaa pembeni, maana baadhi ya vipengele vipya, kama kuhariri kamera nyingi kwa pamoja, vinauzwa kando. Sioni ubaya sana. Kampuni ndogo nayo lazima ile. Lakini anayekuambia ukinunua umemaliza hajakueleza yote.

Halafu kuna nafasi ya kuhifadhi video, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Kwenye mpangilio wa kamera ya iPhone, Apple wanakadiria dakika moja ya video ya 4K (ubora wa juu) kwa fremu 30 kwa sekunde kuwa MB 170. Saa moja ni zaidi ya GB 10. Harusi inayoanzia saluni na kuishia kwenye keki ikikupa saa nne za klipu, una GB 40 kabla hujakata hata kipande kimoja. iPad ya kizazi cha 9, ya 2021, ile ya bei ya chini, ilianzia GB 64, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu yake. LumaFusion iliruhusu kuhariri moja kwa moja kutoka diski ya nje tangu 2021, Final Cut ya iPad ikafuata 2024. Na hiyo Final Cut ilipotoka ilidai chipu ya M1 au mpya zaidi, kwa hiyo iPad ya bei ya chini haikuwamo kwenye shindano. Ukirekodi 1080p, ubora wa chini ya 4K, kwa fremu 30, dakika inashuka hadi MB 60, na saa nne zinaenea kwenye GB 15. Kwa video itakayotazamwa WhatsApp, sioni sababu ya kujitesa na 4K.

Za bure nazo si za kubezwa. DaVinci Resolve ilifika kwenye iPad Disemba 2022, na toleo lake la bure lina zana za kurekebisha rangi ambazo wengine wanaziuza. Mradi wake unafunguka pia kwenye kompyuta, jambo linalonivutia kuliko rangi zenyewe. Kasoro yake ni vitufe: vilibuniwa kwa kipanya, na kidole kinagusa viwili kwa mpigo. CapCut ndiyo nyepesi na ya haraka kuliko zote nilizotaja, na kwa klipu ya nusu dakika ya Instagram sijaona cha kuishinda. Lakini Januari 2025 ilizimwa Marekani pamoja na TikTok, kwa sababu zote zilikuwa za ByteDance, kampuni ya Kichina. Ilirejea baada ya muda mfupi, ila watu walilala na miradi wakaamka hawawezi kuifungua, kwa uamuzi wa Washington usiohusiana kabisa na kazi zao.

Mimi ningegawa hivi. Wa klipu fupi abaki na CapCut ya bure na akwepe efekti za Pro. Mwenye iPad ya M1 na Mac nyumbani, Final Cut ya msimu inamfaa, akijua kwamba mradi unakwenda Mac lakini haurudi kwenye iPad. Mwenye iPad ya kawaida na wateja wanaolipa, anunue LumaFusion pamoja na diski ya nje. Akiwa na ile ya kizazi cha 9, aongeze adapta inayoingiza umeme, kwa kuwa tundu lake la Lightning halitoshi kuendesha diski nyingi. Wa Galaxy Tab hana Final Cut wala Resolve, lakini LumaFusion ilishafika Android na huko pia inanunuliwa.