Sumu ya Utumboni Haifukuzwi kwa Flagyl

Mtu akisikia kwamba bakteria wa tumboni wanahusishwa na saratani ya utumbo mpana, hapa Arusha hukimbilia duka la dawa kununua Flagyl, kisha sokoni kutafuta majani ya kusafisha tumbo. Kwa maoni yangu ni kutupa hela.

Sumu ya bakteria hao inayotuhumiwa ni kolibaktini. Si kila E. koli, bakteria wa kawaida wa utumboni, huitengeneza, ni wale tu wenye kundi la jeni liitwalo pks, lililoelezwa mwaka 2006. Kolibaktini hunasa nyuzi mbili za DNA na kuzifunga pamoja. Seli ikijaribu kujirekebisha hukosea, na kosa hilo huacha alama yake ya pekee. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa saratani 981 kutoka nchi 11. Alama hizo zilionekana takriban mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70, na huenda huanza kuwekwa utotoni, kabla ya miaka 10. Nasema huenda, maana wapo wengi wanaobeba bakteria hao na hawaugui kamwe.

Flagyl huua amiba na bakteria wasiopenda oksijeni. E. koli huishi penye oksijeni na pasipo nayo, kwa hiyo hata haitikisiki. Na hata ingekufa leo, jeni iliyoharibika utotoni haitengemai.

Heri hela hiyo iende kwenye kutafuta polipu, vinyama vya ndani ya utumbo ambavyo kwa kawaida huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani. Ukiona damu chooni, au choo kimebadilika zaidi ya wiki tatu, usikubali kuambiwa "ni bawasiri" na daktari ambaye hata hajakupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Omba rufaa ya kolonoskopi, kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera kwenye utumbo mpana, hospitali ya KCMC ya Moshi kwa mfano.

Kipimo chenyewe huharibikia kwenye maandalizi. Acha kande na kachumbari siku mbili tatu kabla: maganda ya mahindi huziba mrija wa kunyonya na kuficha polipu bapa. Siku ya mwisho ni chai ya rangi, maji na supu iliyochujwa tu. Dawa ya kuharishisha, mara nyingi lita 4, hunywewa nusu jioni, nusu alfajiri. Wengi huiacha ile ya alfajiri kwa kuwa "tumbo limeshaisha", kumbe usiku kucha ute wa nyongo umeshuka tena na kufunika upande wa kulia wa utumbo. Kinachotoka kikiwa bado cha kahawia, mwambie nesi kabla hujapanda kitandani.