Barabara Iliyo Karibu: Mkanda

Aliyepanga ofisi zifunguliwe saa mbili asubuhi, wallahi hajawahi kuondoka Faza kwa boti. Sisi huku kisiwani Pate twaenda kwa saa ya bahari. Maji yakijaa, twatoka. Yakipwa, boti yaketi kwenye tope, nasi ndani twatazamana na mikoko. Safari hii mbele yangu alikaa mama na kuku wake kikapuni. Kuku akachoka kungoja, akataga. Yai likapata mnunuzi mumo humo botini! Nafika Amu, yaani mji wa Lamu, ofisi yote imekwenda kuswali na kula.

Na nafuata nini? Muhuri wa kugongewa fomu. Faza ndiyo makao ya kaunti ndogo, naam, lakini muhuri niutakao mimi haulali huko.

Kaunti yetu ya Lamu ni nambari 005 kati ya 47 za Kenya. Ni kuhesabiwa tu ndiko tunakotangulia. Maeneo bunge yetu ni 2: Lamu Magharibi ina wadi 7, sisi wa Mashariki tuna 3. Na hizo 3 uzione: Faza kisiwani, Kiunga huko mpakani na Somalia, Basuba kwenye msitu wa Boni. Mheshimiwa akitaka kura za zote ahitaji boti, gari na dua. Bahati yake, hilo humfika mara moja kwa miaka 5.

Uwanja wa ndege wa Lamu nao uko kisiwani Manda. Bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi 2021, iko Kililana, bara. Mgeni akishuka kwenye ndege akauliza mji uko wapi, aonyeshwa maji.

Turudi kwenye fomu. Kaunti, kaunti ndogo, tarafa, kata, kata ndogo, kijiji; nimejaza mpaka kalamu ikakauka. Kwa vyeo hatuna njaa, yakhe. Mzee wa mtaa, naibu chifu, chifu, kamishna, mwakilishi wa wadi (MCA), mbunge, mwakilishi wa wanawake, seneta, gavana. Siku wakipanda boti pamoja, sisi tutabaki jeti. Mwisho wa ukurasa wauliza: “Barabara iliyo karibu na makazi yako.” Nikaandika Mkanda, ule mkondo wa bahari kati ya Manda na bara. Kwani twapita wapi?

Karani, kijana wa bara, akavua miwani.

“Mzee, hii Mkanda ina lami?”

“Maji yakijaa, mwanangu, ni laini kuliko lami.”

Akapaka wino mweupe, akaupuliza taratibu ukauke, juu yake akaandika “hakuna”. Nikamuuliza muhuri. Akafungua droo, akaifunga.

“Muhuri umevukishwa Mokowe, huko bara, mzee wangu.”

“Basi nami nivuke?”

“Vuka, lakini chukua fomu nyingine. Hii wataikataa.”

“Kwa nini tena?”

Akaweka kidole pale alipopaka wino. “Si waona? Wale hawapokei makazi yasiyo na barabara.”

“Basi nirudishie Mkanda wangu!”